Barua Moja, Ofisi Nyingi: Somo Kuhusu Seva ya Uthibitishaji wa Watumishi

Mwananchi anapofika kwenye dirisha la huduma kuhuisha leseni ya biashara, analoliona ni dogo. Mtumishi anamwuliza jina, anabonyeza kibodi, kisha anachapisha karatasi. Asiloliona ni kwamba nyuma ya dirisha hilo mtumishi huyo huenda akalazimika kupita katika mifumo mitatu au minne. Upo mfumo wa leseni, upo wa mapato unaoonyesha kama mwombaji anadaiwa, upo wa viwanja na majengo, na upo wa kupokea malalamiko. Kila mfumo una mlango wake, na kila mlango unadai jina la mtumiaji na nywila. Nywila moja ikisahaulika foleni husimama, na mama aliyefunga genge lake tangu asubuhi huambiwa arudi kesho.

Hata hivyo, hasara ya siku moja ni ndogo ikilinganishwa na ile isiyoonekana. Mtumishi mwenye nywila 6 huziandika kwenye kipande cha karatasi na kukificha chini ya kibodi, au hutumia nywila ileile kila mahali, au humwazima mwenzake akaunti ili kazi isikwame. Siku ambayo deni litafutwa isivyo halali, au jina la mwenye kiwanja litabadilishwa, mfumo utataja jina la mtu ambaye hakuwapo ofisini. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari lenye jina lisilo la kweli halina tofauti kubwa na kukosa daftari.

Somo hili linaeleza njia inayotumika kuondoa hali hiyo, yaani utaratibu wa kuingia mara moja kupitia seva ya uthibitishaji. Mwananchi hahitaji kuijenga seva hiyo kwa mikono yake. Anachohitaji ni kuielewa, kwa sababu taarifa zinazolindwa ni zake. Kwa vijana wa kata wanaosomea TEHAMA, somo linaonyesha pia mpangilio wa kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

Mfano wa barua ya utambulisho

Kila mkazi anaifahamu barua ya utambulisho. Anayetaka kufungua akaunti benki au kumdhamini ndugu yake mahakamani hupita kwanza kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa. Mtendaji humjua mkazi huyo, au humwuliza mwenyekiti anayemjua. Akiridhika, huandika barua, hutaja ofisi inayoandikiwa, huweka tarehe, husaini na kugonga mhuri. Benki haimjui mkazi, lakini inautambua mhuri, na kwa mhuri huo humpokea.

Seva ya uthibitishaji hufanya kazi ya Mtendaji huyo. Mtumishi anapofungua mfumo wa leseni, mfumo haumwombi nywila. Humpeleka kwenye seva, naye hujitambulisha huko. Seva ikiridhika humrudisha kwenye mfumo akiwa na msimbo wa muda mfupi, na mfumo wenyewe huuwasilisha msimbo huo kwa seva ili upewe barua ya kidijitali inayoitwa tokeni. Tokeni hutaja mhusika ni nani, imetolewa kwa ajili ya mfumo upi, imetolewa saa ngapi na inakwisha saa ngapi. Mtumishi akifungua mfumo wa mapato dakika 10 baadaye, seva hukumbuka kwamba alikwisha kujitambulisha, hivyo hutoa tokeni nyingine bila kumwuliza tena.

Mhuri wa tokeni ni saini ya kihesabu inayotumia jozi ya funguo. Ufunguo wa siri hubaki ndani ya seva peke yake, nao ndio unaosaini. Ufunguo wa wazi hugawiwa mifumo yote, nao huweza kuhakiki saini lakini hauwezi kuitengeneza. Kwa hiyo hata mtu aliyeuiba ufunguo wa wazi hawezi kughushi barua. Tena, nywila ya mtumishi haifiki kamwe kwenye mfumo wa leseni wala wa mapato. Mfumo mmoja ukivamiwa, mvamizi hakuti humo orodha ya nywila za watumishi.

Jambo moja halipaswi kuchanganywa. Barua ya Mtendaji inasema huyu ni nani. Haiiamuru benki impe mkopo. Vivyo hivyo, kuthibitisha utambulisho ni kazi moja, na kumpa mtu ruhusa ya kutenda ni kazi nyingine. Seva inaweza kutaja ndani ya tokeni kwamba mhusika ni ofisa biashara, lakini ni mfumo wa leseni unaoamua ofisa biashara anaruhusiwa kufanya nini. Halmashauri inayoweka seva nzuri huku ikimpa kila mtumishi ruhusa zote imejenga geti imara kwenye uzio ulioanguka.

Fikra hii ilivyoanza

Wazo hili si geni. Mwaka 1983 chuo cha MIT nchini Marekani kilianzisha mradi ulioitwa Athena, uliosambaza kompyuta za kutumiwa na wanafunzi katika maeneo mbalimbali ya chuo. Tatizo lilijitokeza: nywila ingesafirije kwenye mtandao ambao mtu yeyote angeweza kuusikiliza? Jibu lilikuwa Kerberos, mfumo ambamo mtumiaji hujitambulisha mara moja na kupewa tiketi za kufikia huduma nyingine, bila nywila yake kusafiri mtandaoni. Jina hilo lilitoka katika ngano za Wagiriki wa kale, kwa mbwa mwenye vichwa vitatu anayelinda lango la kuzimu.

Mifumo ilipohamia kwenye intaneti, itifaki nyingine zilibuniwa. SAML toleo la 2.0 ilitoka mwaka 2005, nayo bado inatumika katika vyuo na taasisi nyingi. OpenID Connect, iliyojengwa juu ya OAuth 2.0, ilikamilishwa mwaka 2014, na ndiyo inayofuatwa na mifumo mingi mipya. Itifaki hizi ni makubaliano ya wazi, kama umbo la barua rasmi lilivyo. Mfumo uliotengenezwa na kampuni moja unaweza kupokea tokeni kutoka kwa seva ya kampuni nyingine.

Maandalizi kabla ya kompyuta kuwashwa

Miongoni mwa programu zinazofanya kazi ya seva hii ipo Keycloak, iliyotoka mwaka 2014. Ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi na hakuna ada ya leseni ya kuitumia. Mfano wa somo hili utafuata programu hiyo, ingawa kanuni ni zilezile kwa nyingine.

Kazi ya kwanza haifanyiki kwenye kompyuta. Ofisi ya TEHAMA huandaa orodha ya mifumo yote ya ndani na kuonyesha ni ipi inayoweza kutumia OpenID Connect au SAML. Mifumo ya kitaifa inayoendeshwa na taasisi nyingine ina taratibu zake za kuingia, na Halmashauri haiwezi kuiunganisha kwa uamuzi wake yenyewe. Ni lazima pia miongozo inayotolewa chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 izingatiwe.

Orodha ya pili ni ya watu. Majina yaliyomo katika mifumo hulinganishwa na orodha ya Idara ya Utumishi. Hapa ndipo ukweli hujitokeza. Katika taasisi yoyote iliyodumu miaka kadhaa, yaweza kukutwa akaunti za waliostaafu, waliohamishwa, waliomaliza mafunzo kwa vitendo, na hata akaunti zinazoitwa "mapokezi" au "karani" zisizo na mwenyewe. Akaunti isiyo na mwenyewe haihamishiwi kwenye seva mpya. Akihamishwa kila aliyemo bila kuulizwa, uchafu wa zamani utakuwa umepata nyumba mpya.

Hatua za kusimika

Hatua ya kwanza ni mahali pa kuiweka. Seva huhitaji kompyuta yake, halisi au ya mtandaoni, isiyochangia nafasi na shughuli nyingine. Keycloak hutumia Java, na taarifa zake huhifadhiwa katika kanzidata kama PostgreSQL. Seva hupewa jina moja la mtandaoni lisilobadilikabadilika pamoja na cheti cha usalama, ili mazungumzo yote yapite yakiwa yamesimbwa. Lango lake la kawaida la mawasiliano salama ni namba 8443.

Saa nayo ihakikiwe mapema. Tokeni ina muda wa kuanza na wa kukoma. Ikiwa saa ya seva na ya mfumo wa leseni zimetofautiana kwa dakika kadhaa, tokeni halali itakataliwa, na mafundi watapoteza siku nzima wakitafuta kosa mahali lisipokuwapo. Kompyuta zote zilinganishe saa zake na chanzo kimoja.

Hatua ya pili ni kuiwasha kwa namna inayofaa. Keycloak ina amri mbili. Ya kwanza, start-dev, ni ya majaribio: haidai cheti cha usalama na huhifadhi taarifa katika kanzidata ndogo iliyokuja nayo. Ya pili, start, ndiyo ya kazi halisi. Kosa linalowapata wengi ni kujaribu kwa amri ya kwanza, kuona mambo yanakwenda, kisha kuacha hivyohivyo. Jaribio lililofanikiwa bado ni jaribio.

Hatua ya tatu ni kuunda himaya, yaani eneo ambamo watumiaji, mifumo na kanuni za kundi moja hukaa pamoja. Ipo himaya kuu inayozaliwa na programu yenyewe, nayo ni ya wasimamizi wa seva tu. Watumishi wa Halmashauri huundiwa himaya yao. Akaunti ya kwanza iliyotumika kusimika huondolewa mara tu wasimamizi wa kudumu wanapopata akaunti zenye majina yao.

Hatua ya nne ni kusajili kila mfumo utakaoitegemea seva. Mfumo hupewa jina, siri yake yenyewe, na anwani ambayo mtumishi atarudishwa baada ya kuthibitishwa. Anwani hiyo iandikwe kwa ukamilifu. Wapo wanaoweka alama ya nyota ili anwani yoyote ikubaliwe. Hiyo ni sawa na Mtendaji kugonga mhuri kwenye barua isiyotaja ofisi: anayeiokota ataipeleka atakako.

Hatua ya tano ni watumiaji na majukumu yao. Kama Halmashauri ina saraka ya watumishi inayotumia LDAP, seva inaweza kusoma humo badala ya kuandika majina upya. Watumishi huwekwa katika makundi kulingana na idara, na makundi hupewa majukumu. Mtumishi anapohamia idara nyingine huhamishwa kundi, na majukumu ya zamani huondoka pamoja nalo.

Hatua ya sita ni ushahidi wa pili. Nywila peke yake haitoshi kwa mlango unaofungua milango yote. Mtumishi huongezewa namba ya tarakimu 6 inayozalishwa na programu ya simu na kubadilika kila sekunde 30. Namba hiyo hukokotolewa kwa siri iliyohifadhiwa ndani ya simu pamoja na saa, hivyo haihitaji salio wala mtandao wakati wa kuitoa. Ofisa aliye katika kata yenye mawasiliano hafifu naye ataipata simuni mwake.

Kuhusu nywila yenyewe, mwongozo uliotolewa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 2017 ulishauri watumiaji wasilazimishwe kubadili nywila kila baada ya kipindi fulani bila dalili kwamba imevuja. Anayelazimishwa kila mwezi huishia kuongeza namba moja mwishoni. Nywila ndefu anayoikumbuka mwenyewe ni bora kuliko fupi iliyobandikwa ukutani.

Hatua ya saba ni kuanza na mfumo mmoja. Uchaguliwe ule ambao ukikwama hautazuia huduma kubwa. Watumishi wachache waujaribu, makosa yarekebishwe, ndipo mfumo wa pili uunganishwe.

Mlango mmoja, tahadhari zaidi

Utaratibu huu una gharama yake, nayo isifichwe. Milango yote ikitegemea ufunguo mmoja, anayeuiba amepata nyumba nzima. Seva ikizimika, hakuna anayeingia popote. Ndiyo maana tahadhari nne ni za lazima.

Kwanza, kinga dhidi ya wanaobahatisha nywila iwashwe ili akaunti ifungwe kwa muda baada ya majaribio kadhaa yaliyoshindwa. Katika Keycloak kinga hii kwa kawaida haijiwashi yenyewe. Fundi lazima aiwashe. Pili, nakala rudufu ya kanzidata ichukuliwe kwa ratiba, ihifadhiwe mahali pengine, na ijaribiwe kurejeshwa. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. Tatu, pawe na seva ya pili au mpango ulioandikwa wa kutoa huduma kwa mkono seva inapozimika. Nne, pawe na akaunti ya dharura ambayo nywila yake imefungwa katika bahasha yenye lakiri, ikakaa ndani ya sefu, na kila inapofunguliwa iandikwe ni nani aliyeifungua na kwa sababu gani.

Siku mtumishi anapoondoka

Faida kubwa ya seva hii haimo katika kumpunguzia mtumishi kazi ya kukumbuka nywila. Inaonekana siku anapoondoka. Chukua mfano wa mtumishi mwenye akaunti katika mifumo 6. Katika utaratibu wa zamani, akihamishwa, maombi 6 lazima yaende kwa wasimamizi 6. Ombi moja likipotea, mlango mmoja unabaki wazi, na aliyehama anaweza kusoma taarifa za wananchi asiowahudumia tena. Kwa seva moja, akaunti hufungwa mahali pamoja na siku hiyohiyo.

Hata hapo, undani una maana. Katika Keycloak, tokeni ya kawaida hudumu dakika 5 isipobadilishwa na msimamizi. Kikao cha mtumishi asiyegusa chochote hukoma baada ya dakika 30, na kikao chochote hakizidi saa 10. Lakini baadhi ya mifumo hutunza kikao chake yenyewe baada ya kuipokea barua. Kufunga akaunti kwenye seva hakumtoi papo hapo mtu aliyekwisha kuingia katika mfumo wa namna hiyo. Kwa sababu hiyo fundi hukata pia vikao vilivyo wazi, na kila mfumo hupangwa urejee kwa seva mara kwa mara kuuliza kama mhusika bado anatambuliwa.

Yote haya hayana nguvu bila barua ya Idara ya Utumishi. Seva haijui kwamba mtu amestaafu mpaka iambiwe. Nakala ya kila barua ya uhamisho, kustaafu au kusimamishwa kazi inapaswa kufika ofisi ya TEHAMA kabla ya siku ya mwisho ya mtumishi, si wiki tatu baadaye.

Daftari la nani aliingia

Kwa kuwa kila anayeingia hupita mahali pamoja, seva huweza kuandika nani aliingia, saa ngapi, kutoka kompyuta ipi na kuelekea mfumo upi. Katika Keycloak, kuhifadhi matukio hayo ndani ya kanzidata nako huwashwa na msimamizi, na muda wa kuyatunza huamuliwa mapema. Daftari hili likisomwa pamoja na kumbukumbu za kila mfumo, swali la "nani alilifungua jalada langu?" linapata jibu lenye jina na saa.

Swali hilo lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda, na inampa mwenye taarifa haki ya kujua zinavyotumika. Jina, namba ya simu, kiwanja na deni la mkazi ni taarifa zake, hata zikiwa ndani ya kompyuta ya ofisi.

Wajibu wa mwananchi

Mwananchi ana nafasi yake katika ulinzi huu. Akimwona mtumishi akitumia akaunti ya mwenzake, ana haki ya kuuliza kwa heshima kwa nini iwe hivyo, na majibu yasiporidhisha ayapeleke kwenye dawati la malalamiko. Asikubali kumpa mtu yeyote nywila yake wala namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yake, hata kama anayeiomba anajitambulisha kuwa mtumishi wa Halmashauri. Mtumishi wa kweli haihitaji ili kumhudumia. Adai stakabadhi kwa kila malipo, kwa kuwa stakabadhi ndiyo daftari linalobaki mikononi mwake.

Kwa ufupi, mambo matatu yanatosha kukumbukwa. Kuingia mara moja ni kama barua ya Mtendaji: ofisi moja inamthibitisha mtu, nyingine zinauamini mhuri wake. Mlango mmoja hurahisisha kazi, lakini huongeza wajibu wa kuulinda. Na mhuri wenyewe hauna thamani kuliko uaminifu wa ofisi inayoutunza. Mama aliyefunga genge lake asubuhi hatajua itifaki gani imetumika. Atajua kwamba leseni yake imetoka siku hiyohiyo, na kwamba jina la aliyeishughulikia limeandikwa.